Amri Iliyofika Mara Mbili

Tulimwacha Sindano ameshika kitasa cha ofisi ya bosi wake, hajui nani yuko ndani. Maneno yenu nimeyapata wiki nzima. Kuna mama mmoja amenilaumu eti nimemfanya aunguze maharage, alikuwa anasoma huku anapika. Haya mama, leo zima jiko kwanza. Mlango unafunguka.

Kiti kikubwa cha bosi kilikuwa kimeupa mlango mgongo. Mbele yake kompyuta inawaka. Mtu aliyekalia kiti alisikia bawaba zikilia, akageuka nacho.

Hakuwa Kufuli, bosi mwenyewe.

"Wifi!"

"Wifi!"

Walitamka pamoja, na kila mmoja akashtushwa na sauti ya mwenzake. Aliyekuwa kwenye kiti cha adui ni Asali, mke wa kaka yake Sindano, mama wa watoto wanaomwita Sindano shangazi.

Kama leo ndiyo umeingia kwenye hadithi hii, sogea nikuambie kwa ufupi. Kaka yake Sindano alikuwa mwangalizi wa lango la bwawa linalonywesha mji mzima. Msimu wa mvua uliopita lango lile lilifunguka ghafla, bila king'ora, maji yakashuka na kuwazoa wachimba mchanga waliokuwa chini bondeni. Seva ya makao makuu, ile kompyuta inayopokea amri na kuliambia lango lifunguke au litulie, ilionyesha kwamba amri imetoka kwenye kibanda cha lango kwa jina la kaka. Kaka akasema hakuwepo kibandani, alikuwa anakimbia bondeni kuwaonya watu. Lakini watu aliokuwa anawakimbilia ndio waliokufa. Nani angemshuhudia? Akafungwa.

Sindano, fundi wa mtandao wa mamlaka hiyo hiyo ya maji, hakulia. Alikula kiapo. Aliijua seva ile vizuri: ilikuwa inasoma jina lililoandikwa juu ya pakiti, yaani bahasha ya ujumbe, na kuamini, basi. Yeyote aliyemo kwenye mtandao angeweza kutengeneza pakiti ya uongo, akaandika juu yake jina la mwenzake, na seva ikaitikia ndiyo bwana. Na moyoni mwake mtengenezaji alikuwa mmoja tu, Kufuli, mkuu wa mitambo, mtu asiyempa hata mfagiaji ufunguo wa ofisi yake. Sindano akaomba kazi ya kuulinda mtandao dhidi ya pakiti za kughushi, akapewa, na kila waya aliouunganisha alikuwa anauona unazunguka shingo ya Kufuli.

Leo asubuhi, siku moja kabla ya rufaa ya kaka, pakiti ya uongo imeingia tena. Fungua lango. Safari hii jina lililoandikwa ni la Sindano mwenyewe, naye wakati huo ameshika kikombe cha chai mbele ya wenzake! Mtego alioutega ukamwonyesha amri imetokea wapi. Imetokea ofisi hii.

"Unafanya nini hapa?" Sindano aliuliza, akaurudisha mlango nyuma yake.

"Shh! Punguza sauti." Asali alinyanyuka haraka. "Nimeukuta mlango wazi, nikasema Mungu kanipa nafasi. Natafuta ushahidi, wifi. Kesho mume wangu anasimama mahakamani, na sisi tuko mikono mitupu."

"Na hiyo kompyuta?"

"Nimeikuta inawaka. Mtu katoka sasa hivi, nimesikia viatu vyake kwenye ngazi."

Sindano akamtazama. Huyu ndiye aliyekopa pasi kwa jirani ili kaka aende mahakamani na shati lililonyooka. Huyu ndiye anayepanga foleni gerezani kila Jumapili na kikapu chake, jua liwake, mvua inyeshe. Hata jina la Asali amepewa kwa sababu ya sauti, maana akipokea simu kwenye chumba cha uendeshaji, mteja aliyekosa maji tangu juzi hutulia na kuomba radhi yeye. Sindano aliona aibu kwa kumshuku. Akamkumbatia.

"Nisamehe, wifi. Siku hizi roho yangu imekuwa nyeusi tii."

"Huyu mtu ni wa kuua tu," Asali alinong'ona begani kwake.

"Kufa ni kidogo. Mimi nataka aishi. Nataka alale pale chini anapolala kaka, ahesabiwe kama mbuzi asubuhi na jioni, aombe ruhusa ya kwenda chooni, akataliwe."

Kumbe hasira nayo ina upofu wake, ndugu msomaji. Endelea tu.

Mlango ukafunguliwa bila hodi. Kufuli mwenyewe huyo, kitambi mbele, rundo la funguo linalia kiunoni.

"Hii ni ofisi yangu au ni soko?"

"Amri ya kufungua lango imetoka humu sasa hivi," Sindano alisema. "Kwa jina langu."

"Mimi nilikuwa kwenye kikao na wakurugenzi. Kawaulize." Kisha haraka, haraka mno, akauliza, "Na lango limefunguka?"

"Limekataa."

Kufuli alisogea karibu. "Limekataaje?"

"Amri haikuwa na muhuri."

"Muhuri si ulisema unaanza wiki ijayo? Ulisema mwenyewe, mbele ya kikao kizima!"

"Nilisema. Nikauwasha jana."

Wewe usiyependa mambo ya kompyuta, usikimbie, jambo lenyewe ni jepesi. Kibanda cha lango na seva sasa vina siri yao, wanaijua wao wawili tu. Kila pakiti inayotoka inapigwa muhuri unaotokana na ile siri pamoja na maneno yaliyomo ndani. Ukigusa herufi moja, muhuri hauendani. Ukitunza pakiti ya zamani uirushe tena, namba yake imeshatumika, seva inakutimua. Na Sindano alikuwa ameongeza la kwake: pakiti isiyo na muhuri inatupwa, lakini kabla ya kutupwa inaandikwa imepitia waya upi.

Kufuli alitazama chini. Kisha akamtazama Asali kwa nukta ndogo tu, na Sindano, kwa kuwa alikuwa na hasira, hakuiona.

"Tokeni. Wote wawili. Wewe Sindano umesimamishwa kazi kuanzia sasa. Jina lililotaka kuzamisha watu leo ni lako, siyo langu. Yale yale ya kaka yako. Damu ni damu."

"Rudia."

"Nimesema toka kabla sijaita mlinzi!"

Sindano alitoka, meno yameumana. Lakini hakwenda kwenye ngazi. Alikwenda mezani kwake, akachomeka flashi, akaanza kunakili kumbukumbu za seva kabla Kufuli hajamfungia. Hapo ndipo alipoinamia skrini vizuri kwa mara ya kwanza.

Amri ya leo ilikuwa imeandikwa mara mbili. Mstari mmoja, na chini yake mwingine, neno kwa neno, kama mapacha.

"Kigugumizi tena," alijisemea. Maana hata ile amri iliyoua, ile aliyoisoma mpaka akaijua kama jina lake, nayo ilikuwa imeandikwa mara mbili, na siku zote alidhani ni mashine kukwama. Akafungua kumbukumbu za zamani aone seva ilikuwa inakwama mara ngapi. Amri za kaka za msimu wote ule. Moja. Moja. Moja. Kila amri ya kibandani imefika mara moja tu.

Sindano akahesabu upya.

Alikumbuka siku ya kwanza kumtembelea kaka kibandani. Kaka alikuwa anamwonyesha kazi kwa majivuno, kama mtoto na gari lake la mabati. "Hapa, mdogo wangu, tunabonyeza mara mbili. Redio yetu hii ikikaa kimya inasinzia. Ujumbe wa kwanza kazi yake ni kuiamsha tu, unapotelea hewani. Wa pili ndio unafika. Ukishakaa hapa, kidole chenyewe kinazoea, hata nyumbani taa nawasha mara mbili." Wakacheka sana siku hiyo.

Basi amri ya kweli ya kibandani hubonyezwa mara mbili na kufika moja. Iliyoua ilifika mbili. Aliyeituma hakuwa kibandani, alikuwa humu ndani ya jengo, ambamo hakuna redio ya kusinzia na kila unachobonyeza kinafika. Ila kidole chake kilikuwa kidole cha kibandani.

Kufuli? Kufuli kibandani alikwenda kupigwa picha tu, na tope lilimuudhi. Waliowahi kukaa kwenye kile kiti ni wawili. Kaka, na msichana mmoja mwenye sauti nzuri aliyekuwa anapokezana naye zamu, wakapendana, wakaoana, yeye akahamishiwa makao makuu.

Lo! Nyoka alikuwa kitandani, yeye anampiga aliyeko barazani.

Alichomoa flashi, akaitumbukiza kwenye mkoba. Asali alikuwa anamngoja juu ya ngazi, kichwa kimeinama kwa huruma.

"Pole wifi yangu. Twende nyumbani, nikakupikie chai, tutafakari."

Sindano alitazama ngazi, hakuna mtu. Alimshika mkono, akamwingiza chumba cha betri kilichokuwa pembeni, ambako mashine zinavuma na mtu wa nje hasikii kitu. Akafunga mlango.

"Kibandani mlikuwa mnabonyeza mara ngapi?"

"Nini?"

"Jibu."

"Mara mbili. Si unajua redio ile, ya kwanza inai..."

Hakumaliza. Mdomo ulibaki wazi na uso ukamshuka. Alikuwa ameshaelewa ameulizwa nini.

Sindano alimzaba kofi ambalo hata yeye mwenyewe lilimuuma kiganja, na bado aliona halijamtosha.

"Ni wewe."

"Wifi, nisikilize..."

"Ni wewe! Na kikapu chako cha Jumapili! Na machozi yako kwenye kanga ya mama yangu!"

Asali aliteleza ukutani mpaka chini, akakaa katikati ya betri, mikono kichwani. Na pale chini, kwa sauti ile ile tamu, akasema yote. Kufuli alikuwa amekataza maji yasipunguzwe, kwa sababu wageni wakubwa walikuwa wanakuja kutembelea bwawa na alitaka walikute limejaa pomoni, wapige picha. Mvua ikazidi. Ukuta ukaanza kuvuja. Akampigia Asali simu: fungua sasa hivi. Sheria ilisema lango linafunguliwa kwa amri ya kibanda tu. Asali akapiga kibandani, mume wake hapokei.

"Akaniambia tuma kwa jina lake, ni mumeo, atakuelewa. Nikatuma. Sikujua kuna watu bondeni, wifi! Sikujua yeye mwenyewe yuko bondeni! Nusura nimzamishe mume wangu kwa kidole changu hiki!"

"Na ulipojua?"

Asali alitazama mlango.

"Nakuuliza, ulipojua?"

"Nilikuwa na watoto, wifi."

"Na yeye alikuwa na nini? Kuku?"

"Niliogopa. Kila siku nilisema kesho nitasema. Halafu hukumu ikatoka, nikasema sasa nikisema tutafungwa wote wawili. Leo Kufuli kanipa ufunguo wake, akasema jina lako wewe Sindano lisipochafuliwa kabla ya rufaa, kesho utatufunga sote."

"Kwa hiyo kaka hakukutosha. Ulitaka umzamishe na dada."

"Wifi, nakuomba kwa ajili ya watoto..."

"Koma! Watoto wa kaka yangu usiwatie mdomoni." Sindano aliinama mpaka nyuso zao zikakaribiana. "Kesho nitakuanika kama nguo mvua. Mbele ya mama. Mbele ya wajane wa wale wachimba mchanga. Nakuomba ukae mstari wa mbele, nikuone vizuri."

"Nipe nafasi. Nitasema mwenyewe. Kesho nitasimama niseme mwenyewe, naapa."

"Siku zote hizo hazikukutosha, leo ndiyo unataka nafasi?"

Akamwacha pale sakafuni. Na niwaambie ukweli, maana hadithi hii haina watakatifu: Sindano alisikia raha. Raha ya mtu aliyekuwa na mwiba unyayoni kwa muda mrefu, akaung'oa, akautazama. Alishuka ngazi anacheka peke yake, mlinzi wa chini akamuuliza kama ameshinda bahati nasibu.

"Nimeshinda kubwa kuliko hiyo," akamjibu.

Alikwenda moja kwa moja gerezani. Kwa kuwa kesho yake ilikuwa rufaa, ndugu walikuwa wameruhusiwa kuonana na wafungwa mchana ule. Foleni ilikuwa ndefu, haina kivuli, na mwanamke aliyekuwa mbele yake alikuwa na mtoto mgongoni anayelia bila kukoma. Sindano hakusikia. Alikuwa anapanga maneno. Getini askari alichukua simu, akachukua na mkoba wenye flashi, akauweka juu ya meza. "Utavikuta ukitoka."

Kaka alikuja upande wa pili wa wavu akiwa amepungua mwili, lakini shati lake la kifungwa lilikuwa limefuliwa likang'aa. Sabuni ya Asali. Sindano alipouona ule weupe wa shati, damu ilimchemka upya.

"Kaka, nimempata."

Kaka hakuuliza nani. Alivuta kiti cha mbao, akakaa, akaegemeza kiwiko kwenye rafu ya wavu.

"Umempata Asali," akasema.

Sindano alidhani hakusikia vizuri.

"Unajua?"

"Tangu siku ile ile. Nilikuwa nateremka bondeni napiga kelele, nikasikia lango linanguruma nyuma yangu. Amri ya kibandani walikuwa wanaijua watu wawili. Mimi niko mtaroni nimeng'ang'ania mzizi. Kabaki nani?"

"Na ukanyamaza!" Sindano alipiga wavu kwa ngumi, askari wa pembeni akamwonya. Akashusha sauti, lakini maneno yalimtoka kama cheche. "Mama kazeeka ghafla. Mimi usingizi siujui tena. Nimejenga mtandao mzima kwa ajili yako, nimemchukia mtu mpaka nikasahau kula, na wewe jibu unalo mfukoni, umenyamaza!"

"Mwanzoni nilinyamaza kwa mapenzi. Nikasema huyu mke wangu namjua, atasema mwenyewe. Wiki ikapita. Miezi ikapita. Akaja akakaa hapo ulipokaa wewe, kaniletea sabuni. Nikamwambia asante mke wangu. Akalia. Safari ya pili nikamwambia asante mke wangu, duniani hakuna mwanamke kama wewe. Akalia zaidi."

Kaka akatabasamu. Sindano alizaliwa akamkuta kaka huyu, alimjua kwa kicheko na kwa hasira, lakini tabasamu lile hakuwahi kuliona.

"Nikagundua kitu, mdogo wangu. Mimi nafungwa na hawa askari. Yeye namfunga mimi."

Sindano alisahau kilichomleta.

"Kila Jumapili namsifu. Namuuliza watoto wanasemaje kuhusu mtu aliyemfunga baba yao. Namweleza wale wachimba mchanga mmoja mmoja, huyu alikuwa hodari wa kuimba, huyu alikuwa anajenga nyumba. Namwambia nikitoka, nitamtafuta aliyefanya hivi hata chini ya ardhi, na wewe mke wangu utanisaidia. Anaitikia ndiyo. Umeona alivyokonda? Jumapili iliyopita alifungua mdomo aseme, midomo ikamtetemeka, akashindwa, akaomba maji. Ameiva. Kesho mahakamani nikisimama kizimbani nitamgeukia tu, nitamtazama, na atanyanyuka. Nataka atamke kwa kinywa chake, mbele ya watu, bila kushurutishwa na mtu. Nimekaa humu nikingoja neno hilo moja."

"Na asiponyanyuka?"

"Nitarudi ndani. Na Jumapili atakuja tena na kikapu."

"Kaka, wewe una wazimu."

"Ni wa kwetu. Na wewe unao, tena wako una nyaya."

Ingekuwa siku nyingine wangecheka. Kaka alimtazama dada yake vizuri, akaona kiganja chake cha kulia kilivyokuwa kimevimba. Tabasamu likamtoka.

"Umekuja moja kwa moja kwangu, sivyo? Yeye hujamwambia kitu."

Sindano alitazama pembeni.

"Mdogo wangu."

"Nimempiga kofi. Nimemwambia kila kitu. Nimemwambia kesho namwanika."

"Alikwambiaje?"

"Kwamba... atasimama aseme mwenyewe. Aliniomba nimpe nafasi."

"Ukampa?"

Sindano alikificha kiganja mgongoni.

Kaka aliinuka polepole, mikono imeshika wavu, vidole vimekuwa vyeupe. Alipozungumza sauti yake ilikuwa ya chini, na hapo ndipo ilipotisha.

"Ungengoja siku moja. Moja tu! Mtu anayetafunwa na dhambi yake atasema, kwa sababu anataka kupumua. Lakini mtu uliyembana ukutani hasemi kitu, anang'ata. Nimempika kwa moto mdogo muda wote huu, na wewe umekuja kumwaga sufuria."

"Mimi nilikuwa nakutoa humu! Ushahidi ninao, haumhitaji yeye!"

"Uko wapi?"

"Kwenye flashi."

"Flashi iko wapi?"

"Getini. Kwenye mkoba."

"Na kule kwenye seva, ufunguo wa chumba anao nani?"

Kufuli. Wakati yeye amesimama kwenye foleni anapanga maneno ya ushindi, Asali hakubaki amekaa sakafuni. Asali alikuwa na miguu.

"Kimbia," kaka akasema.

Alikimbia. Alipita ukumbi wa wageni, akamkanyaga mtu, hakuomba radhi. Alipita ua wa changarawe, kiatu kimoja kikachomoka, akakiacha hapo hapo. Nyuma yake askari anamwita, mbele yake mlango mdogo wa geti uko wazi, na nje barabara inaonekana, gari zinapita, watu wanatembea na mambo yao.

Kwenye meza ya getini mkoba wake ulikuwa umefunguliwa. Vitu vyake vimepangwa mezani, kitana, pochi, funguo za nyumbani. Wanaume wawili waliovaa kiraia walikuwa wamesimama pembeni, na mmoja wao alikuwa anaigeuzageuza flashi kati ya vidole.

"Wewe ndiye fundi wa mtandao wa mamlaka ya maji?"

"Ndiye mimi. Hiyo naomba unipe, ni ushahidi wa mahakamani."

"Ndivyo tulivyoambiwa." Yule mtu aliitia flashi mfukoni, taratibu. "Sisi ni polisi. Kuna malalamiko kwamba leo asubuhi umetuma amri ya kufungua lango la bwawa, ili upate kutengeneza ushahidi wa uongo wa kumtoa kaka yako."

"Mimi? Ile ni pakiti ya kughushi! Seva imeikataa kwa sababu haina muhuri, na imeandika ilikotoka. Twendeni sasa hivi niwaonyeshe!"

"Seva tumeikuta imezimwa. Wanasema ina matengenezo."

"Wanasema nani? Kufuli! Huyo ndiye mwizi wenu, mkamateni yeye! Mnamsikiliza muuaji anamlalamikia mtu asiye na kosa?"

"Punguza sauti, dada. Huyo mkuu wako hajasema neno, tena hata hayumo kwenye malalamiko." Akamwashiria askari, na askari akausukuma ule mlango mdogo wa geti, komeo likaingia. "Mlalamikaji ni mke wa kaka yako. Hakuna aliyemlazimisha. Amekuja kituoni peke yake, akasimama mbele ya watu wote na shavu lake limevimba, akatamka kwa kinywa chake mwenyewe."